Aliyefukua Mzabibu wa Mama

Namangan,
Jumapili ya pili baada ya Nauruzi

Mpendwa mdogo wangu Zuhriddin,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo wewe, na mkeo Robiya hajambo? Lile goti lililokusumbua kipindi chote cha baridi linaendeleaje? Naomba barua hii iwakute mmekaa pamoja, chai iko tayari, hakuna anayekohoa. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Nitaanza na habari za bustani, maana najua ndizo utakazozitafuta kwanza. Zangu mimi zitafuata.

Maji yameingia mferejini. Mzee Turdimat, mgawaji wetu wa zamu, alifungua lango Jumanne, na wote wenye vipande vyao pale wakajitokeza na masepetu, wakilalamikia migongo. Jirani yetu Salomat, yule mjane mwenye mdomo usiojua kupumzika, ameshapanda figili, na kama kila mwaka amelisogeza tuta lake kiganja kizima ndani ya eneo letu. Nilimwambia kwamba akiendelea hivyo atafika mpaka kitandani kwangu. Akanijibu kwamba kitandani kwangu kuna baridi, hana haja napo.

Sasa nikupe jambo lililoishughulisha bustani nzima. Mzabibu wa Mama tuliufukia mwezi wa Novemba kama kawaida, usiuawe na baridi: tukaulaza chini, tukaufunika mikeka ya matete, tukamwaga udongo juu. Sheria unaijua. Hafukui mtu mpaka Mzee Turdimat aone maua ya aprikoti yakielea mferejini, na anayetangulia hunyimwa zamu ya kwanza ya maji. Tangu utoto wetu sijasikia aliyeivunja. Mwaka huu, siku chache kabla ya sikukuu ya Nauruzi, Salomat aliamkia bustanini akaukuta mzabibu wetu uko wazi, mikeka imekunjwa kando, fito zimelala juu ya udongo kama kamba zilizofunguliwa.

Nilikuwa kitandani nilipoletewa habari. Wakati huohuo redio ikawa inatangaza kwamba jioni ile baridi ya kugandisha ingeshuka kutoka milimani. Huo ndio mzabibu pekee wa aina yake uliobaki, na wewe umekuwa ukiomba vipandikizi vyake tangu ulipojenga kule Termez. Kuufukia upya haikuwezekana, kwa sababu vichipukizi vilikwishavimba na udongo ungevivunja. Basi watu wakaleta mifarishi yao ya kujifunika usiku. Mke wa Turdimat alileta hata ule wa harusi ya binti yake, huku akiapa kwamba doa moja tu la tope litamtoa mtu roho. Kufika magharibi mzabibu wa Mama ulikuwa umelala chini ya pamba na hariri nyingi kuliko bibi harusi yeyote wa mtaa huu.

Kisha likaja swali la nani. Wengine walisema ni mwizi wa vipandikizi, lakini hakuna ufito uliokatwa. Wengine walisema ni mbwa, Turdimat akawauliza ni mbwa gani anayekunja mikeka. Alipokwenda kutafuta nyayo, Salomat alikuwa amekwishapakanyagakanyaga pale hata hapakubaki alama. Akamfokea: “Wewe mama, umekuja kucheza ngoma hapa?” Salomat akashika kiuno, akasema mbele ya watu wote kwamba basi, ni yeye aliyefukua, giza la alfajiri lilimpoteza akadhani yuko kwenye mzabibu wake. Watu walimcheka, na zamu yake ya kwanza ya maji ikapita. Figili zake zimenyauka.

Zuhriddin, ni mimi niliyefukua.

Nilikuandikia kwamba nina nguvu. Sina. Mwezi wa pili daktari aliniambia nisipange mambo ya kiangazi. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, na kilichonijia kichwani si woga bali swali. Miaka yote ya kufundisha biolojia niliwaeleza watoto kwamba mzabibu huanza kuamka gizani chini ya udongo, kabla haujaguswa na jua. Nilikuwa nimesoma tu. Nani angeniruhusu kufukua mapema nione? Nikataka kujua kabla sijaondoka: kule chini, vichipukizi vinalala au vinangoja?

Nikaenda alasiri moja, na fimbo yangu na kijiko cha bustani. Nilifukua taratibu, nikipumzika kila mara. Vilikuwa vimeamka, mdogo wangu. Vyeupe, vimevimba, vina manyoya kama masikio ya paka mchanga, vyote vimeelekea juu ingawa hapakuwa na nuru ya kuvionyesha juu ni wapi. Nilikaa pale nikicheka peke yangu. Nilipotaka kurudisha udongo, mikono ilikataa. Nikauacha wazi, nikaondoka kwa aibu, nikajilaza.

Salomat aliponiletea uji wa ngano wa Nauruzi nilimwambia kweli. Akacheka mpaka akakaa chini. “Mwalimu, fimbo yako iliacha matundu kila mahali kama kuku amedonoa! Nani mwingine hapa anatembea kwa miguu mitatu?” Nikamuuliza kwa nini alijibebesha kosa langu. Akasema figili zikikosa maji zinakuwa kali tu, lakini mimi, mgonjwa, ningekuwaje wakinicheka, hilo hakulimalizia. Nilipomwambia nitakwenda kwa Turdimat, akanikataza: nikisema, atakayeitwa mwongo ni yeye, na uzeeni hapendi jina jipya.

Mzabibu umepona. Mkono wake mmoja umekuwa mweusi kwa baridi. Mingine, nilipoipogoa, ilidondosha maji. Niliyaonja. Hayana ladha yoyote, nalo hilo sikulijua. Vipandikizi vyako anavyo dereva anayekuletea barua hii, kwenye kitambaa kibichi.

Utakapokuja Novemba kuufukia, mimi sitakuwepo. Mwambie Mzee Turdimat kweli yote, Salomat akiwa amesimama palepale, hata akikutukana. Na ukiona tuta lake limezidi kuingia kwetu, usilirudishe.

Nisalimie Robiya na watoto. Lipake goti lako mafuta ya kondoo, usibishe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hosiyat