Tisa ya Redio, Tatu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa fomu. Ofisi nzima! Zimetoka kwa Binti Utumishi – afisa wetu mpya wa utumishi, ana miezi mitatu hapa na bado anatembea kama mtu aliyeachwa na basi. Swali ni moja: "Taja jambo ulipendalo nje ya kazi. Jipe alama, moja hadi kumi." Anasema anataka tujuane. Miaka kumi na tisa nipo masjala, faili la kila mtu limepita mikononi mwangu, najua nani ana presha na nani amepunguza miaka. Tujuane nini tena?

Tumejazia nyumbani, mimi na mume wangu, meza moja, kalamu moja ya risasi. Kazini ni dereva na wanamwita Redio, maana hazimwi. Hapa ni Baba Pacha. Alichukua kalamu kwanza. Kuimba – tisa! Hakufikiria hata kidogo. Nikamwuliza, hiyo moja umemwachia nani? Akasema ni akiba ya siku za mafua.

Mimi nimeandika: naimbaimba. Tatu.

Aliisoma yangu. Akaisoma tena. Halafu akainuka kuosha vikombe, kimya kwa dakika nzima, ndipo akaanza kuimba.

Jumatano, 5 Machi

Fomu zote zimeletwa kwangu niziweke kwenye mafaili. Nimezisoma. Ndiyo, nimezisoma, nani angeacha!

Mhasibu: drafti, kumi. Kumi jamani! Huyu kila mchana anashuka getini kucheza na mlinzi, anashuka na maringo anapanda na visingizio. Mara jua lilimpiga machoni, mara kete zilichanganywa. Mlinzi mwenyewe, ambaye hajafungwa na mtu tangu nimjue: "nachezacheza, mbili". Dada wa mapokezi: kushona, nane. Na hiyo sketi yake tumeishika kwa pini mara ngapi humu humu masjala! Bi Chai, anayetupikia chai tangu kabla sijaajiriwa: "nalimalima maua, nne". Mwanamke ambaye akichomeka mpini wa ufagio ardhini utatoa majani.

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Wasiojua wamejimwagia alama zote. Wanaojua wanasema neno mara mbili ili ujuzi uwe nusu: nachezacheza, nalimalima. Halafu nikafika kwenye yangu. Naimbaimba. Nikaifunga kwenye faili haraka.

Niandike basi, maana daftari hili halina msomaji. Mume wangu hajui kuimba. Hajui! Dereva mzuri kuliko wote, anakupitisha kwenye mashimo hadi usinzie, lakini kwenye wimbo anaondokea gia ya nne. Anaanza juu mno, katikati pumzi inamwishia, anashuka popote anapoona pana nafasi. Miaka ishirini na mbili namsikia, na kila siku nasema "vizuri, Baba Pacha". Na ninampenda hivyo hivyo, na sauti yake mbovu yote.

Na mimi? Mimi nasikia kila noti inapokwenda. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alinisimamisha kwenye ukumbi wa kwaya tangu nikiwa na miaka sita, do re mi, nikimaliza anasema neno moja. "Bado." Sikuwahi kusikia lingine. Hakuwa mkali, masikini, alikuwa akitabasamu kabisa. Lakini alifariki bado ni bado. Tangu hapo naimba jikoni tu, na maji yakiwa yamefunguliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Haya, mambo! Bi Chai anastaafu. Sherehe ni Ijumaa ya tarehe 21, saa nne kamili, ndiyo saa yake ya kupita ukumbini na sinia akiita "Imeiva!" Binti Utumishi anataka wafanyakazi tumwimbie. Nani aongoze? Kafungua orodha yake ya fomu, kaangalia alama. Kuimba, tisa. Redio!

Nilikuwa nimebeba mafaili. Nusura yaanguke.

Bi Chai kafurahi mno. Ameniambia alikuwa anaomba kimoyomoyo awe Redio, maana kila asubuhi ndiye anayembebea ndoo ya maji huku akiimba, na siku akisafiri jiko linakuwa kama limefiwa. Sasa nimwambieje mtu aliyechaguliwa kwa upendo namna hiyo? Na nisipomwambia, atasimama mbele ya wageni na wakubwa wote, wamcheke.

Nimewapigia pacha wetu shuleni, nikawauliza kama nimwambie baba yao ukweli kuhusu sauti yake. Wamepiga kelele kwa pamoja: Mama, usithubutu! Kumbe nao wanajua. Tangu wakiwa na miaka minane, wamesema.

Jumanne, 11 Machi

Ametunga wimbo mwenyewe, akiwa kwenye foleni ya kuosha gari. Yeye anaanzisha: "Saa nne imefika." Sisi tunapokea: "Mama, tuitie." Maneno ni mazuri. Mazuri kweli! Nilipoyasoma nililazimika kugeuka kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yangu.

Nilijaribu kumwambia. Nikaanza, Baba Pacha, unaonaje ukianza chini kidogo? Akaanza chini. Chini mno sasa, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Nikasema vizuri. Mwoga mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Mazoezi ukumbini, saa ya chakula cha mchana. Tuko kumi na mmoja. Redio mbele, shati limepigwa pasi, mikono anaipeleka kama yuko kwenye usukani. Akaanza juu. Dada wa mapokezi akainamia viatu vyake. Mlinzi akakohoa kikohozi ambacho hana. Sisi tukapokea tulivyoweza, kila mtu na ngazi yake. Mimi nilifungua mdomo bila kutoa sauti. Niandike hilo pia.

Mhasibu alikuwa anarekodi kwenye simu. Kabla ya saa tisa video ilikuwa kwenye kundi la wasap la ofisi, na chini yake vikaragosi vya kucheka mpaka unachoka kusogeza. Mmoja kaandika, hiyo tisa ilikuwa kwa mia? Mume wangu yumo kwenye kundi hilo. Aliisikiliza akiwa garini, peke yake, vioo vimefungwa. Niliona kutoka dirisha la masjala. Aliirudia mara tatu.

Nilishuka getini kwa mhasibu. Sijui nilisema nini hasa, ila kuna neno "kete" na neno "kumi" na neno "mbili ya mlinzi", na mlinzi alikuwepo. Siri za masjala zimevuja, na mimi ndiye niliyevujisha. Mhasibu kafuta video. Amebabaika, kasema ulikuwa utani tu shemeji, tunampenda Redio. Najua mnampenda. Ndiyo maana inauma zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Kaosha vyombo kimya. Kanyoa ndevu kimya. Kapaka viatu rangi, vyake na vyangu, kimya.

Nyumba haina sauti. Nilidhani ningependa utulivu siku moja. Siupendi hata kidogo. Nasikia friji.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi, tukiwa nyuma ya nyumba. Mimi naanika, yeye ananipa vibanio kimoja kimoja. Akauliza bila kunitazama: kumbe ndivyo ninavyosikika?

Nikasema ndiyo.

Akasema alijua hayuko sawasawa, ila hakujua ni kiasi hicho. Wewe ulijua? Nilijua. Tangu lini? Nikaona nimeshavuka mto, nikamaliza: tangu kabla hujanichumbia.

Akacheka! Alicheka hadi akakalia beseni lililopinduliwa, vibanio vikamwagika. Miaka yote hiyo, anasema, miaka yote hiyo Mama Pacha, na wewe "vizuri, vizuri"! Kwa nini hukusema? Nikamwambia ungeacha. Na mimi sikutaka uache. Hapo nikajifuta macho, mjinga mimi, kwa shuka mbichi.

Nikamwuliza, sasa ile tisa ulijipa ya nini? Akanishangaa. Ile ni ya kupenda. Fomu si imesema jambo ulipendalo, jipe alama? Nikajipa alama za kupenda. Kupenda kwangu kuimba ni tisa. Ningejipa kumi, ila kumi nilikuwekea wewe.

Nilisimama pale kama nguzo ya kamba. Ofisi nzima tumeisoma fomu kwa jicho moja, yeye peke yake akaisoma kama ilivyoandikwa.

Halafu akasema polepole: wewe ukaandika tatu. Nilisikitika, unajua. Nimekaa na hiyo tatu wiki mbili. Nikajiambia, kumbe mke wangu hapendi kuimba, na mimi namchosha kwa makelele miaka yote. Na wakati mwingine nakusikia jikoni maji yakimwagika. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Huwa nazima redio ya gari nikifika getini, nakaa kwanza.

Anakaa kwanza! Nilidhani anamalizia habari.

Nikamweleza habari ya baba na bado. Hakuwahi kuisikia yote. Hakusema baba alikosea, hakusema chochote kuhusu baba. Aliniokotea vibanio. Baadaye sana akauliza, kwani bado maana yake hapana?

Jumatano, 19 Machi

Alikwenda kwa Binti Utumishi kujitoa. Bi Chai kamkuta mlangoni na sinia, kamkatalia hapo hapo. Kasema asipoimba Redio hastaafu, watamtoa jikoni kwa karatasi ya mahakama. Binti Utumishi naye kagundua swali lake lilivyokaa, kajishika kichwa. Amenijia masjala anataka kutoa fomu mpya zenye mistari miwili, unapenda kiasi gani na unajua kiasi gani. Nimemwambia mwanangu, ziache hivyo hivyo.

Basi Baba Pacha ametoa sharti. Yeye ataanzisha, kwa sababu wimbo ni wake na Bi Chai ni wake. Lakini mstari wa kwanza wa kupokea asipokee mtu yeyote ila mimi. Mmoja tu, peke yangu. Nikishaushika, na wengine waingie kwa ngazi yangu, naye atanifuata. Wewe unajua wimbo ulipo, anasema, mimi najua ninakotoka tu.

Nikasema sitaki. Nikasema naimbaimba tu mimi. Akasema, sema mara moja. Nikamwuliza nini? Neno hilo, liseme mara moja. Sikuweza. Niligeukia kabati la mafaili nikajifanya natafuta kitu.

Akaongeza akiwa mlangoni, funguo mkononi: usiponipokea sitasimama pale kama mlingoti. Nitaanza tena, mpaka unipokee.

Ijumaa, 21 Machi

Saa nne kasoro dakika kumi. Niko masjala, mlango nimeurudishia. Nimemwambia dada wa mapokezi nafuata mhuri. Mhuri ninao mfukoni.

Ukumbi uko ng'ambo ya korido, nasikia viti vikiburutwa. Bi Chai kavaa gauni la zambarau, mlinzi kachukua kofia yake mkononi, wamempa maua naye kayatazama mizizi. Wakubwa wameketi mbele. Mhasibu kaingia hapa, kaweka simu yake juu ya meza yangu, imezimwa. Kaniambia ikae hapa shemeji, nisije nikashawishika. Nusura nimkumbatie.

Najificha kama mtoto. Nina miaka arobaini na sita! Nimefungua faili langu. Fomu ipo. Naimbaimba, tatu. Hiyo tatu naweza kuifuta, raba iko hapa. Ila niandike ngapi? Ya kujua sijui. Ya kupenda –

Makofi. Binti Utumishi anatangaza. Kimya.

"Saa nne imefika."

Ni yeye. Juu mno! Juu kabisa, Mungu wangu, huko hakuna mtu atakayefika. Hakuna anayepokea. Wamekatazwa wote. Kuna mtu amecheka, pembeni upande wa wageni.

Kimya.

"Saa nne imefika."

Ameanza tena. Ameshuka kidogo. Safari hii sauti inakwaruza, na hajali, nasikia kabisa kwamba hajali, na sauti inakuja moja kwa moja, kaugeuzia uso mlango. Anatazama huku. Kama ningesimama hapa nilipo ningeshika pale pale alipoacha, iko karibu, ni noti mbili tu chini yake. Ninayo tayari. Iko kooni.

Hakuna anayecheka sasa. Nimesimama, daftari nimeliegemeza mlangoni, mkono mmoja uko kwenye kitasa.

"Saa nne ime