Boksi la Hewa

La Rochelle, Johannesburg
14 Juni 1996

Mdogo wangu Suzan,

Pokea salamu za kaka yako. Huku hatujambo, ila baridi inatuonea. Shemeji Obadia alipita Jumapili akitoka lindoni Braamfontein, anauliza mwanawe aliyemo tumboni mwako anaendeleaje.

Ahsante kwa kunisemea kwa bosi wako hapo hotelini mlimani. Ile pikipiki yenu ya theluji, isiyo na magurudumu, nimeimaliza. Thabo dereva wenu alilalamika haina pumzi. Ubaya ni boksi la plastiki ambalo kiwanda kililiweka mdomoni mwa kabureta, injini inavuta hewa kama mtu aliyebanwa pua. Nimeling'oa, nimefunga chujio la hewa la wazi kama ninayowafungia wateja wa pikipiki hapa. Nilipoiwasha uani majirani wote walitoka nje!

Boksi nimelitia kwenye gunia, limo humohumo kwenye lori pamoja na mashine. Unamkumbuka baba, gerejini kule nyumbani kwenye mashamba ya mkonge: "Kilichotoka kirudi kwa mwenyewe."

Kaka yako,
Zephania

Mlimani, 21 Juni 1996

Kaka Zephania,

Shikamoo. Mimi na aliyemo tumboni tu wazima, anapiga mateke kama anadaiwa. Mashine imefika, inanguruma mpaka sufuria zangu zinatetemeka. Thabo anacheka peke yake. Boksi hakuna aliyelitaka, nimelitia vitunguu vya jikoni.

Nitashuka kujifungua mwanzoni mwa Agosti. Barabara ikifungwa, ni hiyo mashine tu itakayonifikisha kliniki. Thabo anauliza: "Eish, dada Suzan, theluji haitaingia kwenye kitu wazi namna hii?" Nijibu nini?

Mdogo wako,
Suzan

La Rochelle, 28 Juni 1996

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na mpishi mdogo pia. Mwambie Thabo nimekula vumbi la migodi miaka minane. Chujio nimelipaka mafuta yake, halipitishi hata unga. Vumbi ni vumbi, liwe jekundu au jeupe. Yeye aendeshe, ufundi aniachie mimi.

Kaka yako,
Zephania

La Rochelle, 9 Julai 1996

Suzan,

Hujambo? Nijibu kwamba hujambo. Jana niliosha chujio la mteja, lilikuwa aina ileile, nikalisahau uani. Asubuhi nimelikuta limeganda, gumu kama tofali. Nimeliweka mdomoni nikavuta, hewa haikupita hata kidogo.

Nimekaa chini palepale. Suzan, vumbi la huku hubaki vumbi. Hilo jeupe la kwenu hunata kwenye chujio, likapata joto la injini, likawa maji, kisha baridi ikalifanya barafu. Boksi lile lilikuwa linazuia theluji isifike. Nami nililiita ubaya!

Usipande mashine hiyo. Mwaga vitunguu, mpe Thabo boksi alirudishe leo. Ni kibano kimoja na skrubu mbili. Nakuomba, mama.

Kaka yako

La Rochelle, 19 Julai 1996

Mdogo wangu,

Salamu. Lambert, dereva wa lori la kwenu, amerudi na barua yangu mara ya pili. Anasema theluji imefika kiunoni na nguzo za simu zimelala. Nimepiga simu mpaka mwenye kibanda amenionea huruma. Shemeji alikuja, akanywa chai, akaniuliza kama mimi mjomba nimeshamchagulia mtoto jina. Nilishindwa kumwambia. Mungu wangu, Suzan, usipande.

Kaka

Mlimani, 3 Agosti 1996

Kaka Zephania,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie Obadia amepata binti.

Uchungu ulinianza tarehe 17 Julai, kabla ya wakati wake. Tulishuka na Thabo kwenye theluji laini, nusu ya njia mashine ikakohoa ikazima. Thabo alikwangua barafu kwenye chujio kwa kucha, ikawaka, ikazima tena. Akanibeba mgongoni hadi kwenye kibanda cha wachungaji, akanivika koti lake, akatembea saa tatu kumleta mkunga. Mtoto alizaliwa humo. Thabo amekatwa vidole vinne vya miguu vilivyokufa kwa baridi.

Bosi anasema ni uzembe wake, ameizamisha mashine kwenye theluji. Amemfukuza na bandeji miguuni, hataki kusikia habari ya chujio. Barua zako mbili zimefika jana. Nimezisoma, nikazificha chini ya vitunguu, ndani ya boksi lilelile. Lilikuwa jikoni siku zote, hatua mbili kutoka nilipo.

Nikizitoa, gereji yako imekwisha, labda na kazi yangu. Nisipozitoa, nitamtazamaje mtoto huyu? Niambie wewe, kaka, mimi siwezi.

Mdogo wako,
Suzan

La Rochelle, 9 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeirudisha, siistahili. Namshukuru Mungu kwa binti, na nimelia kwa ajili ya Thabo. Aliniuliza swali la maana nikamjibu kwa dharau.

Barua zitoe. Mpe bosi zote, na ile ya tarehe 28 Juni uliyonayo, na hii. Usinisubiri. Lori la leo limejaa, mimi nitafika Ijumaa ijayo. Obadia nimemwambia kila kitu. Hajanipiga, ameondoka bila kumaliza chai.

Baba alisema kilichotoka kirudi kwa mwenyewe. Kosa hili lilitoka mikononi mwangu. Mwambie Thabo nakuja kwake kwanza, kabla ya kwako.

Kaka yako,
Zephania