Kwa Dada Aliyenipa Utepe wa Kupimia Maji

Dada Mwanaidi mpendwa,

Ijumaa iliyopita nilifanya jambo ambalo wewe usingelifanya, na tangu siku hiyo sina mtu wa kumwambia. Nakuandikia wewe, ingawa najua umelala kaburini kwenu Pangani na barua hii haina pa kwenda.

Unakumbuka tulivyokutana? Mlikuja kupima kisima cha shule yetu Nkoma, wewe na mafundi wawili, na sisi wasichana wa kidato cha tatu tukaacha kufagia ili tumshangae mwanamke aliyevaa ushungi na mabuti. Ukanipa mimi nishike utepe. "Soma, mdogo wangu. Maji yako wapi?" Nikasoma arobaini na mbili. Hukuinama kuhakikisha, ukaandika vilevile. Sijui kama ulijua ulichonifanyia. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniamini hata kwenye chumvi ya mboga.

Baada ya hapo ukawa unakuja Jumamosi na pikipiki yako kutufundisha fizikia. Ulikuwa mkali wewe! Mtu akikosa hesabu ulimuuliza kosa limeanzia mstari gani, na hatoki mtu mpaka alione.

Lakini na wewe ulikosea, tena vibaya. Tulipofika kidato cha nne, wakati wa kujaza fomu za kuchagua masomo, Baba alitaka niende uuguzi, nibaki karibu. Mimi nilitaka uhandisi wa maji. Ukaniambia, "Mwambie umesimama, mtazame machoni." Nikafanya hivyo. Msichana wa Kisukuma, mbele ya baba yake, bila kupiga goti! Hakunigombeza. Alichukua jembe akaenda zake kwenye pamba, na siku mbili hakunisemesha.

Ulipopata habari ulikuja siku hiyohiyo. Ukashuka kwenye pikipiki, ukapiga goti mchangani na mabuti yako, ukasema, "Mwangaluka, baba," na jua lilikuwa linazama. Baba akacheka bila kutaka. "Hiyo ni ya asubuhi, mwanangu. Saa hizi tunasema mwadila." Ukamwambia kosa ni lako, mimi nilifuata tu ulichonituma. Akakuuliza kama baba yako yu hai. Ukasema hapana.

"Basi aende," akasema. "Ila ukimwacha njiani, nitakuuliza wewe."

Hukuniacha. Ulinipigia kila mwezi mpaka nikaingia chuo, halafu ukaugua, ukanificha. Nilipiga simu haipokelewi, nikakununia wiki mbili nzima nikidhani umenichoka. Hilo linanichoma mpaka leo.

Sasa nimepangiwa kazi hapa Bariadi. Mhandisi mwanamke ni mimi peke yangu, na kikao kikianza macho yote yananigeukia nikaandae chai. Nikienda nyumbani, Baba ananiletea kiti na kuniita injinia mbele ya wageni, wakati mimi nataka kukaa mkekani na mama. Wenzangu niliochota nao maji wakiniona wanabadilisha mazungumzo. Saa kumi na mbili narudi chumbani kwangu, napika chakula cha mtu mmoja. Mpweke mimi, dada. Siioni sababu ya kulizungusha.

Nimekikumbuka chumba chako. Siku ile nilipokutembelea ulinipikia wali kwa nazi ulizotumiwa kutoka kwenu, nami nikala harakaharaka niwahi gari la Nkoma. "Kaa kidogo, bado mapema," ulisema mara tatu. Nilidhani ni ukarimu tu wa watu wa pwani.

Basi Ijumaa alikuja ofisini binti wa kidato cha tatu, Kabula, kutoka Nkoma hiyohiyo. Alisikia habari zangu kwa mwalimu wake. "Dada, nifanye nini ili niwe kama wewe?" Nikamwangalia na daftari lake jipya, nikaona nikifungua mdomo nitamdanganya. Nikamwambia nina kazi nyingi, aje siku nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Nilikuwa nasubiri saa ya kufunga ofisi. Akasema, "Haya, dada," akaondoka bila kuandika hata neno moja.

Siku nyingine kwa msichana wa kule maana yake ni kamwe. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kesho ni Jumamosi, nakwenda Nkoma kumtafuta. Nitamwambia fizikia ni ngumu lakini inaeleweka. Nitamwambia kuna siku maji yanatoka, akina mama wanapiga vigelegele, na wewe uliyeyatafuta unabaki umesimama pale umelowa miguu. Halafu nitamwambia na habari za jioni za mtu aliye peke yake, zilivyo ndefu. Wewe hukuniambia hilo, dada. Nadhani uliogopa nitakataa.

Nisingekataa.

Mdogo wako wa Nkoma,
Minza