Gauni Jeupe la Malaea

Vaisulu, Savaii
Jumatatu, 2 Juni

Mpendwa mpwa wangu Penitoa,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bila yeye kijiji hiki kingeshasombwa na bahari. Mchungaji mwenyewe hakohoi mimbarini kabla hajanitupia jicho. U mzima huko Auckland? Kifua kinastahimili baridi? Vaa soksi. Sisi wazima, ila goti langu linalalamika, maana limebeba mambo makubwa.

Magimbi yangu mwaka huu ni manene kama mapaja ya wacheza raga. Watu wanatoka mbali kuja kuyatazama tu.

Sasa sikia la jana. Bibi Ane, yule mgeni aliyeishi peke yake karibu na kisima, alifariki wiki iliyopita. Hakuwa na ndugu, basi mazikoni hakuna aliyemletea mkeka mwororo, ule wa kumheshimu marehemu. Wewe unaijua aibu hiyo. Sisi wenye mikeka tulibaki kutazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Jirani yake Malaea, yule mjane muuza samaki, ndiye aliyemwosha na kumvika. Hatukuuliza amemvika nini.

Jana ikawa Meza ya Bwana. Wanawake wote gauni jeupe, kofia nyeupe, kanisa linang'aa kama chumvi. Malaea akaja na gauni lake la bluu la sokoni, kichwa wazi. Shemasi Lotomau akamzuia mlangoni.

"Mama, umekuja ibadani au umekuja kutuuzia samaki?"

"Lile jeupe amevaa Ane," Malaea akasema.

Lotomau akarudi nyuma hatua moja. Lakini utaratibu ni utaratibu, akamwonyesha benchi la nje, na mkate wa Bwana haufiki kwenye benchi lile. Malaea hajawahi kukosa Meza tangu abarikiwe. Akaketi, macho chini.

Ndipo mjomba wako nikainuka. Nikatoka mpaka kwenye benchi, nikavua koti langu jeupe, nikahutubu kwa sauti iliyotikisa mabati. Nikawaambia Bwana hatatuuliza habari za kofia, atauliza nani alimvika aliye uchi, na kwamba siku hiyo aliyevaa vizuri kijijini ni mmoja tu, naye tumemweka nje.

Penitoa, walitoka! Wanawake kwanza, wakaweka kofia zao majanini. Kisha wazee. Kisha Lotomau mwenyewe, anapangusa pua. Mchungaji akaona anayahubiria mabenchi, akachukua mkate na kikombe akashuka ngazi, akaanza na Malaea. Tukaimba mpaka mbwa wakakimbia. Mchana Malaea alikula nguruwe wangu, sehemu ya mgongo, ile ya wakubwa. Na leo asubuhi kaburi la Ane halionekani kwa mikeka.

Mkaza mjomba wako Lanuola anakusalimu. Nisalimie mkeo Sieni na mzee Tavita. Mungu akulinde huko kazini, na akupe moyo unaotoka nje upesi kuliko miguu.

Wako akupendaye,
Mjomba Faasavalu

N.B. Kabla Lanuola hajakupigia simu: ile hotuba niliitunga jioni, nimeshashiba. Pale benchini machozi yalinishinda. Nilichosema ni, "Sogea kidogo, Malaea." Akasogea.