Kitabu cha Sahani na Fungu Lake la Mwisho

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha vitabu,
Jumapili ya mwisho kabla ya likizo ya baridi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, cherehani inazunguka na wateja hawakusumbui kupita kiasi. Shemeji hajambo? Mgongo wake umetulia? Na watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Kuhusu Mama nitauliza huko chini, maana yeye sitaki kumuulizia kwa mkato.

Mimi mzima, ila nimechoka. Baridi ya huku imeingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi karatasi zinatoka ghalani baridi kama bati, na vidole vinakataa kukunjuka mpaka saa ya chai. Mabega yanauma, lakini hayo ni ya kawaida kwa mtu anayebeba karatasi kutwa. Nakula, nalala, nashukuru.

Uliniuliza vitabu gani vipya vinatoka ili ujiandae kusoma likizo hii, ukasema mimi niko jikoni kwenyewe vinakopikwa. Ni kweli, ila mpishi wa huku haonji sufuria nzima. Ngoja kwanza nikueleze tunavyofanya kazi.

Kitabu hakiji kwetu kikiwa kitabu. Kinakuja mafungu mafungu ya kurasa, nasi tunasimama kwenye meza ndefu, kila mtu na rundo la fungu lake. Wa kwanza anaweka lake, wa pili anaweka lake juu, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndipo kinapokwenda kupakwa gundi na kuvishwa jalada. Fungu langu huwa la katikati. Kutwa macho yangu yako kwenye kurasa zilezile, basi kila kitabu kipya nakijua kiuno tu, kichwa na miguu sivijui. Na kabla ya siku ya kutolewa huruhusiwi kutoka na hata ukurasa mmoja. Mlinzi wa getini anatupapasa mpaka soksi.

Kwa hiyo wakati wa chakula tunakisimulia kitabu kwa zamu, kila mtu fungu lake. Anaanza Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hana neno linalolala kifuani mwake. Anafuata Twiga, ambaye taa za dari zinamjua kwa kichwa, kisha mimi na wengine. Anamaliza Mama Gundi, mtu mzima, mpole, anayeshika fungu la mwisho na kupeleka kitabu kwenye gundi kwa mikono yake. Sote anatuita wanangu, hata msimamizi. Vitabu vyote vya msimu huu nimevisoma hivyo, kwa masikio.

Sasa chukua haya. Kuna cha mpelelezi mwenye kikohozi. Kila akijificha nyuma ya mlango, kifua kinamsaliti. Utacheka, lakini pia utafunga dirisha kabla ya kulala. Shemeji mpe hicho, ingawa najua atasoma ukurasa wa mwisho kwanza.

Kuna cha mkunga aliyezalisha mtaa mzima, kisha akagombea udiwani dhidi ya mtu aliyemzalisha mwenyewe. Kila huyo mgombea akipanda jukwaani, mkunga anawaeleza watu alivyolia siku ya kwanza. Mwandishi wa kitabu hicho ana ulimi, Dada. Twiga alikuwa anacheka peke yake mezani mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Kuna na kijitabu cha mashairi, chembamba kama biskuti. Redio alisema mtu aliyeandika kidogo hivyo ni mvivu. Nikamwambia asome ubeti mmoja tu. Aliusoma, akanyamaza mpaka kengele ikalia, na Redio kunyamaza si jambo dogo. Watoto nao wana chao, cha kuku anayetaka kujifunza kuogelea. Picha zake zina rangi ambazo sijawahi kuziona hata kwenye vitambaa vyako.

Lakini kitabu nilichokusudia hasa kukuandikia ni kile tulichokiita cha sahani. Mwandishi simjui. Wanasema ni mwalimu wa hesabu na hiki ndicho cha kwanza kuandika. Kijana anakwenda kutafuta kazi mbali, na mama yake kila jioni anamwekea sahani mezani, imefunikwa kifudifudi isiingie vumbi. Fungu langu lilikuwa hilo la sahani. Mwandishi yule hasemi hata mara moja kwamba mama ana huzuni. Anaandika tu kwamba akiosha vyombo huanza na sahani ile, ijapokuwa haijaliwa. Mimi niliyeishia madarasa machache nilisimama pale na karatasi mkononi, nikajiuliza amejuaje mtu huyu.

Wiki ile chakula kilinishinda. Niliwasimulia fungu langu, kisha nikawaambia kwamba Mama yangu naye anatoa viatu vyangu juani kila Jumamosi, kama ulivyoniandikia. Redio akauliza kama viatu vyenyewe bado vitanitosha. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Zamu ikafika kwa Mama Gundi. Akatusimulia kwamba kijana anarudi magharibi, anabisha hodi, mama anafungua, hasemi neno, anakwenda mezani, anaigeuza sahani na kupakua. Ndiyo mwisho. Redio akaomba chumvi, mimi nikala chakula chote. Moyo ulitulia kabisa. Kama mama wa kitabuni alingoja, wangu pia atangoja. Jioni ile nikamwambia msimamizi kwamba likizo hii nitabaki tena kulinda mashine, kama miaka yote. Nilishaandaa blanketi na mahali pa kuweka vitabu.

Wiki iliyopita kitabu kikatolewa, na sisi tukapewa nakala zilizopinda mgongo. Nikakaa kitandani, nikakisoma tangu kichwa. Ni kizuri kuliko nilivyosimuliwa, na nilisimuliwa vizuri. Nikafika fungu la mwisho. Kijana anarudi kweli, anabisha hodi kweli. Anayefungua mlango ni jirani. Mama ameshazikwa. Sahani iko mezani bado, ina vumbi mgongoni. Kijana anaigeuza, na upande wa ndani ni safi.

Kesho yake nilimfuata Mama Gundi kwenye gundi yake, nikamuuliza mbona alinidanganya mbele za watu. Hakuacha kazi wala hakukana. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ulikuwa huli. Mimi fungu lilikuwa mkononi mwangu. Ningekulisha nini?"

Nikamwambia kwamba kwa maneno yake nimekubali kubaki huku. Hapo ndipo alipoweka brashi chini. Akasema hilo hakulijua, kisha akanitazama kama ninyi mnavyonitazama nikikosea. "Kitabu kile kimeshapigwa gundi, hakibadiliki," akasema. "Wewe bado. Nenda kamwambie msimamizi."

Na wengine walijua, Dada. Wanaosimama karibu naye mezani waliuona mwisho kwenye rundo lake, wakawanong'oneza wengine. Hata Redio alijua, akaumeza wiki zote hizo kwa ajili yangu. Sijui niwakasirikie au niwabusu mikono.

Basi nikatoa barua zako zote sandukuni nikazisoma tena. Kila moja unaandika kwamba Mama hajambo, ila miguu tu. Lakini zile za zamani zilikuwa na matusi yake. Mwambie huyo kitindamimba anyoe hizo ndevu, anafanana na ufagio. Mwambie asinitumie picha amekunja uso kama mdai. Nilikuwa nacheka peke yangu. Katika hizi za karibuni hanitukani. Unaandika tu kwamba ananisalimu sana. Mama yetu tangu lini akamsalimu mtu sana?

Sikulaumu. Nimeona kwa Mama Gundi kwamba mtu anaweza kukuficha mwisho kwa sababu anakupenda, na ningekuwa wewe, na ndugu yangu yuko mbali na amechoka, huenda ningeandika vivyo hivyo. Lakini usiniandikie tena. Nakuja kuona mwenyewe.

Msimamizi nimeshamwambia. Alinung'unika, kisha Twiga akajitolea kubaki badala yangu, akasema yeye hana wa kumngoja ila anataka kumaliza cha mkunga. Blanketi nimemwachia. Kiwanda kinafungwa Ijumaa, na jioni hiyo hiyo napanda basi. Barua hii nampa dereva wa lori linalopeleka vitabu vipya kwenye maduka ya huko kwenu. Ameapa atakukabidhi mkononi.

Usihangaike kununua kitabu chochote katika hivi, nakuja navyo vyote, migongo imepinda lakini maneno yamenyooka. Cha sahani pia nakuja nacho. Nitamsomea Mama mwenyewe, taratibu, nikae upande wa sikio lake zuri. Tukifika fungu la mwisho nitafunga kitabu na kumsimulia la Mama Gundi.

Nisalimie Shemeji, na mwambie mpelelezi hafi, asihangaike kuchungulia. Nisalimie Mjomba na Shangazi, na watoto mmoja mmoja kwa ukubwa wao wasije wakagombana. Mungu awafunike wote kwa joto msimu huu, na anipe mimi njia isiyo na matope.

Mama mwambie jambo moja tu, hata kama amelala, msemee sikioni. Mwambie sijanyoa. Ndevu zimefika kifuani, zinatisha watu njiani, na sitazigusa mpaka anitukane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa vidole vilivyoganda,

Kitindamimba