Makofi Aliyopigiwa Shemeji Iringa

Dada Zuhura,

Salamu kutoka kwenye baridi na upepo. Jana tumefungwa tatu bila.

Mumeo alicheza beki kama kawaida yake. Kila mpira uliokaribia goli letu aliubutua ukatoka nyuma ya goli, vile vile anavyofanya huko Mbeya mkamshangilia. Watu wa Iringa nao walimpigia makofi, wengine wakasimama kabisa. Akawapungia mkono.

Mimi nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja mchoma mahindi, nikamwuliza mbona wanamshangilia mgeni.

"Anatupa kona," akasema, akigeuza mahindi yake. "Sisi tunataka kona tu. Kazi iliyobaki ni ya upepo."

Ni kweli. Mabao yote matatu yalitokana na kona. Upepo uliupinda mpira ukaingia golini wenyewe.

Shemeji anamlaumu golikipa. Asubuhi hii kwenye chai bado anasimulia makofi yale. Lori letu limeharibika, kwa hiyo kadi hii ya posta itatangulia kufika. Isome, kisha uifiche. Wasalimie watoto. Akifika akaanza kusimulia, mpikie ndizi, msikilize mpaka mwisho, na wewe umpigie makofi.

Mdogo wako,
Hamisi