Chumba Ambacho Hukukiingia

Mpendwa mkwe wangu, Baba Safari,

Nakuandikia kutoka Masieda, kwa mdogo wangu, ninakoishi tangu ile nyumba niliyokuuzia kule Daudi iporomoke. Nasikia umerudi kwenye mashamba ya ngano Hanang. Sijui kama utaifungua barua hii. Nakala nyingine nimempa katibu wa kijiji cha Daudi aisome mkutanoni, kwa sababu nitakayosema yanawahusu na wanakijiji.

Unakumbuka siku ulipokuja kuikagua nyumba ile? Ulikuwa umeshuka kwenye kombaini, ile mashine ya kuvuna ngano unayoiendesha, ukadandia lori moja kwa moja, vumbi la mavuno bado liko shingoni. Uligonga kuta kwa vidole, ukapanda ngazi ukatazama bati moja moja. Nikakutania kwamba nyumba haina injini, ukacheka huku umeinamisha macho kama mkwe anavyopaswa. Binti yangu Paskalina, mke wako, alikuwa anakuchungulia kutoka jikoni, furaha imemjaa, maana angerudi kuishi alikozaliwa.

Kisha ukafika kwenye mlango wa chumba changu cha kulala, ukasimama.

"Ingia tu, mwanangu, kagua," nikasema.

Ukarudi nyuma hatua mbili. "Hapana, baba. Chumba cha wakwe siingii. Neno lako linatosha."

Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana nilikukaribisha.

Chini ya kitanda changu palikuwa na shimo. Babu yangu alilichimba zamani, handaki la kuficha ng'ombe na watoto wakati wa uvamizi, nalo lilipita chini ya nyumba kuelekea mlimani. Mwaka ule sakafu ilikuwa imeanza kutitia. Nikauziba mdomo wa handaki kwa mabua na udongo, nikasiriba juu kwa samadi mpaka pakawa laini, nikarudisha kitanda. Nilijiambia patashika. Uongo wangu mwenyewe, nikauamini.

Masika yaliyofuata, chumba kikiwa chenu nami nimehamia banda la uani, sakafu ikazama, Paskalina akiwa anafagia humo asubuhi. Ulichimba kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang'oka. Tulimtoa saa nane mchana, hana uhai.

Wewe hukunishtaki, ndugu zako ndio waliokwenda barazani. Mwenyekiti akakuuliza kama uliikagua nyumba kabla ya kununua. Ukasema uliikagua.

"Kuna mahali ulikatazwa kuona?"

Ukanitazama mara moja tu. "Hapana. Baba alinikaribisha kila chumba."

Wazee wakaamua kwamba mnunuzi alipewa nafasi ya kuona, basi muuzaji hana kosa. Watu wakaja kunipa mkono. Nikaupokea, mkwe wangu. Wote walikuwa wananitazama, na neno moja lingetosha, lakini sikulisema.

Tangu hapo chakula ni udongo mdomoni. Nimerudi kwa mwenyekiti kukiri, akaniambia, "Mzee, kesi imeisha, nenda kapumzike." Kanisani niliungama, nikasamehewa haraka mno. Wananiona mzee aliyechanganywa na msiba. Basi wote wausikie ukweli leo: kasoro ile niliijua, nikaificha, na nikautumia utii wako kuwa pazia lake. Kosa ni langu lote, haidhuru wewe uliruhusiwa kuona nini. Nimeyasema, na sioni nafuu yoyote. Mtoto wangu yuko kaburini na nyumba ni shimo.

Mwezi uliopita tulikutana mnadani Dongobesh. Ulikuwa umekonda. Hata hivyo ulivua kofia mbele za watu, ukainama: "Shikamoo, baba." Nikaitikia marahaba kwa mazoea, kisha nikaenda nyuma ya mazizi nikajificha mpaka ulipoondoka.

Msamaha sikuombi, ungenipa, nakujua. Nakuomba jambo moja tu. Tukikutana tena njiani, upite.

Usiniamkie.

Ni mimi,
baba yake Paskalina